Bajeti ya mwezi haimfai mtu wa dilivari

Kipengele cha apu cha kupanga pesa ninachodizaini sasa hivi ni cha watu wa dilivari wa pikipiki, wale wanaolipwa kwa oda, na kadiri ninavyoongea nao ndo ninazidi kuamini kitu cha kwanza cha kutupa ni mwezi. Apu nyingi za bajeti zinaanza na "mshahara wako kwa mwezi ni kiasi gani", sasa huyu ajibu nini? Leo oda zimemiminika, kesho anashinda kijiweni simu haijalia. Na ukichukua wastani bado unamdanganya, maana wastani unabebwa na zile wiki za bonasi. Mimi napanga kwa wiki mbovu, apu iangalie wiki zake za karibuni ichukue ya chini kabisa, kodi na chakula vipangwe kwa hiyo, kinachozidi ndo kigawanywe.

Ila kinachoniuma zaidi ni kilomita. Ile namba ya mapato ya leo anaiona kama hela yake yote, kumbe humo ndani kuna mafuta, bando, oili, na tairi linalolika kidogo kidogo. Tairi haliangalii tarehe, linaisha kwa kilomita. Tuseme lake linakwenda kilomita 12,000, chukua bei yake gawa kwa 12,000, fanya hivyo kwa oili, cheni na breki, jumlisha. Akitembea kilomita 90 leo apu inajua kiasi gani cha kutenga palepale kabla hajakizoea. Na zihesabiwe zote jamani, sio zile za kumpelekea mteja tu, kuna kurudi tupu, kuna kuzunguka kutafuta geti, mafuta hayajui kama umebeba mzigo au hujabeba.

Halafu keshi. Wateja wakilipa mkononi anamaliza siku mfuko umejaa wakati sehemu kubwa ni ya kampuni na atakatwa kwenye malipo yajayo, hiyo itolewe kwenye hesabu mapema.

Kwenye skrini nimeng'ang'ania namba moja tu, kubwa, "yako leo". Simu iko kwenye usukani, matone ya mvua yamejaa kwenye kioo, nani ana muda wa kusoma grafu? Na akiwa barabarani apu inyamaze kabisa, meseji ya "umezidisha matumizi" isubiri mpaka ajitoe hewani.

Kuna wanaotaka tuweke na mkopo wa haraka humohumo, hilo nalipinga, makato ya kila siku ya kuulipa yanamkuta hata siku ambayo hajaingiza kitu. Bora akiba ya asilimia ya alichoingiza siku hiyo, siku mbovu isikate, na akitaka kuitoa aitoe bila maswali, akiugua wengi wao hakuna anayewalipa.

Tunachobishania sasa ni nani aingize bei ya spea. Mimi nasema aingize mwenyewe siku anapobadilisha, kwa sababu bei anayoijua ni ile aliyolipa kwa fundi wake.