Ramani ya droni hupimwa ardhini

Kozi nyingi za ramani za angani humkabidhi mwanafunzi rimoti siku ya kwanza. Kurusha hujifunzwa upesi, kwa sababu siku hizi programu hufanya karibu kila kitu. Saa nyingi za mafunzo zinapaswa kwenda ardhini, kwenye alama (turubai zinazowekwa chini na kupimwa mahali zilipo, ili ramani ikae mahali pake) na namna ya kuzipima. Mwaka 2016 ulipoanza mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walifundishwa kurusha droni za eBee juu ya visiwa vyao wenyewe. Vijana wetu wanaiweza kazi hii. Wanachohitaji ni walimu wasioridhika na picha nzuri tu.

Kabla ya kuruka, hesabu ifanyike kwa mkono. Chukua droni ya Phantom 4 Pro: upana wa sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) mm 13.2, urefu wa fokasi ya lenzi mm 8.8, upana wa picha pikseli 5472. Ikiruka mita 100 juu ya ardhi, pikseli moja inabeba sm 2.74 za ardhi, na picha moja inafunika mita 150 kwa 100. Ukitaka picha zilaliane asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavuni, piga moja kila mita 20 na utenganishe mistari kwa mita 45. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, hiyo ni picha kila sekunde 2.5. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hii mwenyewe atashtuka programu ikimletea jibu la ajabu.

Pwani ina matatizo yake. Mchanga mweupe huungua kwenye picha, kwa hiyo punguza mwanga kidogo na usiache kamera ijiamulie. Makuti yakipepea, programu haioni nukta ileile kwenye picha mbili. Maji ya bahari hayaunganiki kabisa. Hakikisha kila picha ya ufukweni ina nchi kavu ya kutosha.

Sasa alama. Kwa eneo la hekta 10 weka tano au sita, nne zikiwa pembezoni na zilizobaki katikati. Turubai la sm 60 kwa 60 lenye miraba myeupe na myeusi litaonekana kwa pikseli 22 hivi, na kitovu chake kitabonyezwa bila kubahatisha. Ligongomee chini, tena mbali na minazi. Ukiruka bila alama, huku kamera ikitazama chini moja kwa moja muda wote, uwanja tambarare unaweza kutoka umebinuka kama sinia.

Makosa mengi huzaliwa kwenye fimbo ya kipokezi cha GPS kinachopima alama. Fimbo ya mita 2 iliyoinama digrii 2 tu husogeza nukta karibu sm 7, yaani zaidi ya pikseli mbili, kwa hiyo kiputo cha pimamaji kwenye fimbo kitazamwe hadi usomaji uishe.

Pima pia nukta tano za ukaguzi ambazo programu haitapewa wakati wa kuchakata. Tofauti za kimo zikiwa sm 2, −3, 4, −1 na 3, jumla ya miraba ni 39. Gawanya kwa 5, toa kipeuo cha pili, unapata sm 2.8. Namba hii ndiyo iandikwe kwenye ripoti. Ile namba ya makosa kwa pikseli inayotolewa na programu huonyesha tu kama picha zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Lakini hata ukaguzi huu una tundu. Ukiingiza kimo cha antena mita 1.8 badala ya 2.0, alama na nukta za ukaguzi zote zinakosea sm 20 kwa pamoja, na hesabu inatoka safi. Dawa ni kuweka kipokezi juu ya bikoni (nguzo ya wapima ardhi) yenye thamani zinazojulikana, asubuhi na jioni, na kulinganisha.

Kwenye vimo, GPS ghafi itakuambia ufukwe wa Unguja uko chini ya sifuri kwa zaidi ya mita 20, kwa sababu inapima kutoka kwenye elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari. Tumia modeli ya jioidi (uso unaokaribiana na usawa wa wastani wa bahari), mfano EGM2008, na iandike kwenye ripoti. Vilevile, ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira ya ramani. Ukizilaza juu ya WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kubadilisha, majengo yatahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Mpe mwanafunzi faili mbili za namna hiyo bila kumwambia kitu, umwache aeleze pengo hilo limetoka wapi.