Bibi Aliyesoma Mizani

Septemba 2011 nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza. Juma la Elimu ya Watu Wazima lilikuwa limekaribia, na mwalimu mkuu alitaka apatikane mgeni wa kuwatia moyo wanafunzi. Kwenye kikao cha walimu yalitajwa majina yale yale: diwani, mchungaji, kijana wa kijijini aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam. Nilipowauliza wanafunzi wangu, msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bibi yangu ana cheti cha kisomo. Kipo sandukuni."

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta anapepeta dengu uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilipomweleza shida yangu akacheka sana. "Mwalimu, niwaambie nini watoto wa shule? Mimi hata darasa la kwanza sikufika." Nikamwomba awaambie hilo hilo.

Siku yenyewe alikuja na mfuko wa plastiki mkononi, akakaa chini ya mwarobaini wetu na shule nzima ikamzunguka. Alizungumza Kiswahili, na kilipompungukia akaingia kwenye Kisukuma. Watoto hawakuhitaji mkalimani. Mimi ndiye niliyenong'onezewa na mwalimu mwenzangu.

Alikulia kwenye kuchunga ndama, akaolewa mapema, akalima pamba. Kila msimu alichambua mwenyewe pamba safi na fifi, yaani ile ya daraja la chini, akafunga furushi, akalibeba kichwani hadi gulioni. Pale palikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale. Karani aliangalia, akataja kilo, akaandika. "Akisema thelathini, ni thelathini. Ningembishia kwa lugha gani?"

Malalamiko ya mizani ni ya zamani sana Usukumani. Ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma wakulima kuanzisha ushirika wao enzi za mkoloni, hadi mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, Paul Bomani akiwa kinara wake. Ushirika ulimpa mkulima mahali pake pa kuuzia. Lakini asiyejua tarakimu aliendelea kuishi kwa mdomo wa karani, na hapo ndipo kisomo kilipokuja na jibu.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mikoa ya Ziwa ilikuwa tayari imeanza majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, na vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia kazi za watu wenyewe. Bibi alifundishwa kwa kitabu cha pamba. Alikwenda jioni, mtoto mgongoni, baada ya kutoka shambani. Usiku alirudia masomo kwa kibatari wengine wakiwa wamelala. Siku moja mwalimu wao akachora ubaoni duara kubwa, akaizungushia namba, akaweka mshale. Kisha akawa anaufuta na kuusogeza, nao wanataja.

"Msimu uliofuata nikaenda gulioni," akasema, na hapo akasimama. Akainua mkono kutuonyesha furushi lilivyoning'inia. "Karani akasema thelathini na saba. Nikamwambia, mwanangu, mshale umekaa arobaini na saba."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Karani akaangalia tena, akafuta, akaandika 47.

Tangu hapo majirani walimwomba asimame karibu na mizani zamu zao zikifika. Alisimama kutwa. Akatoa kwenye mfuko daftari, likapita mkono kwa mkono hadi kwangu. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Kulikuwa na safu za penseli: safi, fifi, kilo, shilingi. Tarakimu zake za 4 zilikuwa kama viti vilivyopinduliwa. Kurasa za nyuma zilikuwa na kilo za watu wengine, kila mmoja na jina lake kwa herufi kubwa zilizokandamizwa hadi zikatokeza upande wa pili.

Cheti chake kilikuwa cha mtihani wa taifa wa Agosti 1975. Habari za mtihani ule nilikuwa nimezikariri chuo cha ualimu: wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 miaka ya mwisho ya sitini, wakashuka hadi asilimia 39 mwaka huo. Nilizijibu kwenye karatasi nikapata alama zangu, basi. Lakini nikiwa na daftari lile mkononi niliona kilichokuwa ndani ya takwimu hizo: kilo 10 kwenye furushi moja, yaani chumvi, sabuni na kaptula ya mtoto.

Mvulana mmoja akauliza, "Bibi, hukumwogopa karani?"

"Nilimwogopa. Ila nilikuwa nimekosa usingizi miezi mingi kwa ajili ya namba zile. Nisingesema, ningekuwa nimeukosa bure."

Wanafunzi walipiga makofi hadi mwalimu wa zamu akapiga filimbi. Wiki hiyo niliwapa insha ya kuandika maisha ya mzee mmoja wa nyumbani kwao. Zikaja habari ambazo hakuna diwani angeweza kutuletea: babu aliyechimba lambo la kijiji kwa jembe la mkono, shangazi aliyewazalisha nusu ya wazazi wa darasa langu.

Naye Bibi, kabla ya kuondoka siku ile, aliniuliza kwa nini darasa la watu wazima lilikufa. Nilianza kumweleza hali ngumu ya miaka ya themanini, vitabu vilivyokwisha, walimu waliokosa posho. Akanikata. "Wewe upo, na ubao upo."

Tukafungua darasa, siku mbili kwa wiki, baada ya wanafunzi kutoka. Wengi waliokuja walikuwa akina mama. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na irabu, lakini mmoja akaomba tuanze na meseji za M-Pesa. Wanawe walimtumia fedha kutoka Mwanza, akaipeleka simu kwa wakala, wakala akamsomea, na kiasi alichotajiwa ndicho alichopokea. Wenzake wakaitikia kwamba hata wao ni hivyo hivyo. Bibi, aliyekaa benchi la mbele ingawa alishafuzu zamani, akaniambia nichore simu ubaoni, kubwa, na namba zake zote.