Kisutu cha Mama na Kikuba cha Bi Harusi: Nilivyoviokoa

Binti yangu aliolewa mwaka jana katika mwezi wa Shaabani, wakati ambao hapa Unguja kila mtaa una harusi kwa kuwa watu huwahi kuoza kabla ya Ramadhani. Mambo ya ukumbi, wali na magari sitayaeleza, kwa sababu kila mzazi anayajua. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyofanikiwa kumtoa mwanangu nyumbani akiwa amesingwa, yaani amesuguliwa mwili kwa manukato, ndani ya kisutu cha bibi yake na akiwa na kikuba cha maua ya kunukia kifuani, vitu viwili ambavyo katika ukoo wetu ndivyo vya heri kwa bi harusi, ingawa ushauri mbaya nusura unikoseshe vyote viwili.

Mama yangu aliolewa na kisutu hicho mwaka 1971. Asiyekijua aelewe kwamba kisutu ni kanga ya harusi, yenye wekundu, weusi na weupe, na nakshi ndogo ndogo zilizobanana. Mama alijitanda siku ya kusingwa kwake, nami nikajitanda hicho hicho mwaka 1996, kisha nikakirudisha kwenye kasha pamoja na karafuu chache. Nilipokitoa safari hii niliikuta mikunjo imefanya michirizi ya manjano. Jirani yangu mmoja, mtu mzima ambaye sikutarajia anipotoshe, aliniapia kwamba kifuniko kimoja cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kikitiwa katika beseni la maji, kingeondoa michirizi yote bila kugusa wekundu. Nilisita, nikaamua kujaribu pembe moja tu ya pindo. Niliichovya, nikahesabu mpaka thelathini, nikaitoa. Manjano yalikuwa bado yapo, na wekundu ndio uliokuwa ukiondoka: mbele ya macho yangu uligeuka kuwa wa waridi, kisha ukawa kama chungwa lililokauka juani, na hata nilipoisuuza pembe ile mara tatu katika maji safi, rangi iliendelea kukimbia. Ilipokauka, nyuzi zilikuwa zimelegea hata kidole kikapita. Nililia, wala sioni haya kulisema hilo, kwa sababu kitambaa kile ndicho pekee nilichonacho kilichoigusa ngozi ya mama yangu akiwa mwari. Dawa ile isiikaribie kanga ya zamani, hata tone moja.

Kilichonirudishia moyo ni kukumbuka aliyokuwa akituhadithia bibi yangu. Alisema kwamba katika karne ya 19, kabla kanga hazijachapwa, wanawake wa pwani walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi, zikiwa bado zimeungana katika jora, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona ubavu kwa ubavu mpaka leso sita zikawa nguo moja ya kujitanda. Nikajiambia kwamba ikiwa kanga yenyewe ilitokana na vipande vilivyoungwa kwa sindano, basi kuikata pembe na kuiunga upya hakuwezi kuivunjia heshima. Nilikwenda Mchangani nikanunua doti moja ya kisutu kipya kwa bei isiyofika elfu ishirini, nikachukua pembe ya upande mmoja na kuishona mahali pa ile iliyoharibika, kwa mkono, mishono midogo kabisa, kazi iliyonichukua usiku mbili. Kisha nilikifua kisutu cha zamani kwa maji baridi na sabuni laini ya kuogea, bila kusugua wala kukamua, nikakianika kivulini. Manjano yalipungua ingawa hayakuisha. Mwisho nilikitandaza juu ya tenga, chetezo kikiwa chini, nikakifukiza udi mara mbili.

Wakati huo marafiki wa binti yangu walikuwa wamemwambia kwamba bi harusi hapati bahati mpaka awe na kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima na kitu cha buluu. Hiyo ni ada ya Waingereza na kwao ina maana yake, lakini niliudhika kumwona mtoto wa Ng'ambo, mitaa yetu ya hapa mjini Unguja, akihangaikia utepe wa buluu madukani ilhali kasha la nyumbani kwao limejaa. Nilimwita chumbani nikamwonyesha kisutu. Alikipapasa mpaka akaufikia mshono, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, ile pembe iliyoungua umeitupa?" Sikuwa nimeitupa. Siku ya ukumbi alikuwa avae shela jeupe ambalo kisutu kisingeweza kukaa juu yake, naye ndiye aliyefikiria kwamba sehemu ya ile pembe iliyosalimika ingetosha kushonewa kifuko kidogo cha kutilia kikuba, akibandike kwa pini upande wa ndani wa nguo. Nilimbusu kwenye paji la uso.

Kikuba nacho kilinitesa. Kwa wasiokizoea, ni kifungu kidogo cha maua na majani ya kunukia, asumini, mawaridi, rihani, langilangi na jani la mpachori, ambacho mwanamke hukiweka kifuani. Katika mwezi wenye harusi nyingi kiasi kile asumini hupanda bei na kuadimika, kwa hiyo nilitaka kuyafunga mapema. Muuzaji mmoja wa maua aliniambia niyanyunyizie maji na kuyaweka ndani ya friji, yangekaa siku mbili. Nilifanya jaribio, na asubuhi nikafungua nikakuta asumini zote zimekuwa na rangi ya ugoro, na harufu yake ni ya majani yaliyooza. Nashukuru kwamba lilikuwa jaribio tu.

Njia iliyofaulu ni hii. Asumini hufunguka jioni, basi siku yenyewe nilizichuma alasiri katika ua wa wifi yangu zikiwa bado vichomozo vilivyofumba, nikazichagua kavu kabisa. Nilizifunga kwa uzi wa pamba pamoja na yale mengine, nikazilaza ndani ya jani la mgomba, nikalifunika kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, nikaliweka kwenye kona ya chumba yenye baridi, karibu na mtungi. Magharibi ilipoingia zilikuwa zimeanza kufunguka zenyewe, nyeupe pepe, na chumba kizima kilinukia. Nilikitia kikuba ndani ya kifuko pamoja na kipande cha udi na karafuu tatu, nikambandikia mwanangu kwa mkono wangu, nikamsomea dua. Somo wake, yaani mwanamke aliyemfunda, alikuwa pembeni, akaitikia amina.

Fungate ilipokwisha, binti yangu alinijia na kifuko kile mkononi. Tulikifungua pamoja. Asumini zilikuwa zimekauka na kukosa harufu, lakini jani la mpachori lilikuwa linanukia zaidi kuliko lilipokuwa bichi. Tuliziondoa asumini, tukabakiza mpachori, udi na karafuu, naye akachukua sindano akaushona mdomo wa kifuko, akakiweka katikati ya mikunjo ya kisutu cha bibi yake.