Kwale wa Bibi

Jumapili tulikuwa jikoni na binti yangu, tunatengeneza kuku wa kienyeji. Akashika utumbo akauliza, "Mama, mbona huku mwisho una mikia miwili?"

Nikaweka kisu chini.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha mifugo, nimeenda likizo kwa bibi, Kongwa. Kuku wake mmoja alikuwa amekonda, tukamchinja, nikakuta minyoo. Nikamwambia mbele ya majirani kwamba banda lake ni chafu. Bibi hakunijibu. Alichukua fagio.

Siku ya tatu mjomba akaleta kwale wawili aliowatega mlimani. Walikuwa wamenona, manyoya yanang'aa. Nikakaa kwenye kigoda nje, nikatoa ile mikia miwili ya utumbo, kila mmoja kama kidole changu, nikaichana kwa wembe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kwanza ulitoka uji mzito wa kahawia. Maji yalipotulia nikaviona: vijiuzi vyeupe, vifupi, ncha moja imechongoka kama sindano. Vikaanza kujikunja na kujinyoosha. Nilihesabu hadi 40, nikaacha.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, fagio mkononi.

"Na huyu, mjukuu wangu, banda lake anafagia nani?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza akitaka jibu, mimi sikuwa nalo.

Nilikuja kulipata baadaye, tena nusu. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni muda mrefu, ndege anayeparua huyameza. Na kwale hushuka kuokota uwele pale pale kuku wanapoparua. Nani alimwambukiza mwenzake, siwezi kusema. Nilisoma pia habari za Edward Wilson, daktari Mwingereza aliyepasua karibu ndege 2,000 wa jamii ya kwale kutoka nyanda za juu za Uskoti na Uingereza, kabla hajafia Antaktika mwaka 1912. Ripoti ya uchunguzi ule, ya 1911, ilionyesha kwamba hata ndege wazima kabisa walikuwa na minyoo kwenye mikia hiyo hiyo miwili. Niliisoma nikamkumbuka bibi na fagio lake. Alikuwa ameshafariki, na sikuwahi kumwomba radhi.

Binti yangu bado alikuwa ameshika utumbo, ananitazama. Nikamwambia alete bakuli na chumvi.