Tulivyoziondoa simu mikononi mwa wanafunzi saa za masomo

Shuleni kwetu tulianza na uamuzi mmoja: simu haikai na mwanafunzi, hata kama imezimwa. Kanuni ya "izime uiweke kwenye begi" ni rahisi kutangaza, lakini inamfanya mwalimu awe mlinzi kila kipindi, na kijana anatumia nguvu zake kujizuia badala ya kusikiliza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapima watu umakini huku simu zao zikiwa mezani, mfukoni au chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine. Ufaransa nayo tangu 2010 ilikuwa ikikataza simu wakati wa vipindi tu katika shule za msingi na sekondari za chini. Mwaka 2018 ikapanua katazo hadi mapumziko.

Kazi yenyewe iko kwenye sanduku. Kila darasa lina sanduku la mbao lenye vyumba vyenye namba, na namba hizo ni zilezile za daftari la mahudhurio. Tundu la kila chumba ni sentimita 9.5 kwa 2.5, kina chake sentimita 12. Simu inasimama wima na kichwa chake kinatokeza, hivyo mwalimu anatupa jicho mara moja na kujua chumba kipi kiko wazi. Kwa wanafunzi 40 panga safu nane za vyumba vitano. Sanduku linatoka takriban sentimita 51 kwa 25, na kina cha ndani mpaka kwenye kifuniko kisipungue sentimita 18. Chini tandika kitambaa kizito. Weka vishikio pande zote mbili, kwa sababu simu 40 peke yake hufika kilo nane na mtu mmoja akilibeba kwenye ngazi ataliangusha. Usiruhusu chaji ndani ya kabati lililofungwa: betri za lithiamu hupata joto zinapochajiwa, na zikibanana joto halina pa kutokea.

Asubuhi mwanafunzi anaweka simu mwenyewe, mwalimu wa kipindi cha kwanza amesimama pembeni. Tukiita majina, dakika kumi zinapotea. Wakipita kwa mstari ni dakika tatu. Simu izimwe kabisa. Kimya hakitoshi, maana mtetemo ndani ya mbao unasikika darasa zima, na ziko simu zinazolia kengele ya kuamsha hata zikiwa zimezimwa, kwa hiyo kengele ifutwe kwanza.

Ujanja utakaouona mapema ni simu mbovu kukabidhiwa huku nzima ikibaki kwenye soksi. Dawa yake ni daftari la usajili. Mwanzoni mwa muhula kila anayeleta simu anabonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu hiyo pekee, inatokea, nasi tunaandika tarakimu nne za mwisho, aina na rangi. Mwalimu akitilia shaka, anamwambia mwenyewe aiwashe na kubonyeza tena mbele yake. Saa janja zinaingia humohumo, kwa kuwa zinapokea ujumbe kama simu.

Wizi na ugomvi hutokea jioni, wakati wa kuchukua. Wote wakikimbilia sanduku, mmoja anaondoka na ya mwenzake. Ufunguo ubaki kwa mwalimu, kamwe si kwa kiranja. Waitwe safu kwa safu, na kila mmoja ahakikishe simu ni yake kabla ya kutoka mlangoni.

Lakini sanduku liwe zuri kiasi gani, litashindwa ikiwa shule yenyewe inaitegemea simu. Hapa ndipo ningewasihi walimu wenzangu watumie muda mwingi zaidi. Kaeni mwandike kila kazi ambayo simu ilikuwa ikifanya: saa, kikokotoo, kamusi, kupiga picha ubao, ratiba iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Halafu kila moja ipate mbadala kabla ya siku ya kuanza. Saa ya ukutani kila darasa, vikokotoo vya kuazimwa kwenye idara ya hisabati, kamusi rafuni, ratiba na mabadiliko yake kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu asiyewapa wanafunzi muda wa kunakili ndiye atakayeomba sanduku lifunguliwe. Na mapumziko yawe na kitu: mipira, bao, drafti, maktaba iliyo wazi.

Wazazi hawapingi sana kanuni yenyewe. Wanachohofia ni kutompata mtoto kukiwa na dharura. Tuliwapa namba mbili za ofisi, mtu wa kupokea, na kikaratasi cha ujumbe kinachopelekwa darasani. Simu ya ofisi isipopokelewa mara mbili tatu, mzazi atamwambia mtoto afiche yake, na hapo huna cha kumjibu. Tuliwaeleza pia kwamba kanuni hii haigusi usiku: utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliotolewa 2025, katika shule 30, haukuona tofauti ya afya ya akili kati ya shule zenye katazo na zisizo nalo, na muda wa simu kwa siku nzima ulikuwa karibu uleule.

Wanaoruhusiwa kubaki na simu ni wachache na wameandikwa. Mwenye kisukari ambaye kipima sukari chake kinatuma vipimo kwenye simu lazima awe nayo karibu, kwani ikiwa mbali mawasiliano yanakatika. Walimu wake wote wapewe taarifa, asije akanyang'anywa na mwalimu wa zamu.

Anayekamatwa, simu inazimwa na yeye mwenyewe, inatiwa kwenye bahasha, inaandikwa jina, saa na hali ya kioo, wote wawili wanasaini, kisha inachukuliwa na mzazi. Hatufungui ujumbe wala picha za mtoto. Hatutozi faini. Na kanuni inamhusu mwalimu pia: anayepokea simu darasani atoke nje.