Kiria, asidi na wale wadada wa Akropoli

Basi ilikuwa 2012, bado niko Athens, nakaa mtaa wa Kypseli na shoga yangu mmoja wa Tanga, kazi yangu usafi wa nyumba na ngazi. Wiki hiyo nilikuwa nimeharibu kwa mama mmoja mzee, kiria tulivyokuwa tunamwita. Ngazi zake zilikuwa za marumaru, na nikisema marumaru sio vile vigae vya dukani tunavyoviitaga hivyo huku kwetu, nasema jiwe lenyewe la mlimani. Kulikuwa na doa la kutu limenisumbua mwezi mzima, nkaona isiwe tabu, nkachukua dawa ya choo ile yenye asidi nkamwaga. Jiwe likatoa povu kama soda. Doa lilitoka kweli, ila na mng'ao ukaenda nalo, pakabaki pamepauka, ukipitisha kidole panakwaruza. Kumbe jiwe lile ni jamii ya chokaa, asidi inalila. Kiria hakugomba, alinikata euro 20 akanyamaza, na ule ukimya ndo uliniuma.

Jumapili ikaangukia 28 Oktoba, sikukuu yao ya kukumbuka walivyomkatalia Mussolini, dikteta wa Italia, 1940, na makumbusho ya Akropoli, kile kilima chao cha mahekalu ya kale, unaingia bure. Shoga akanivuta twende.

Mwanzo tukakuta mabinti wa marumaru wengine wamebaki na rangi, wekundu kidogo kwenye nguo, kijani kwenye pindo. Mi miaka yote najua sanamu za Wagiriki nyeupe! Kumbe zilipakwa rangi, na Waajemi walipochoma Akropoli 480 KK, wenyeji wakawafukia hawa mabinti palepale juu, udongo ndo ukawatunzia.

Halafu tukafika kwa Kariatidi. Jamani. Wanawake wa marumaru waliokuwa wanabeba paa la Erechtheion, hekalu moja la huko juu Akropoli, kwa vichwa, mita 2 na zaidi kila mmoja, wamechongwa karne ya 5 KK. Unaruhusiwa kuzunguka nyuma, na nyuma ndo kwenye utamu, maana wamesukwa! Misuko minene imeshuka mgongoni, na kila mmoja ana wake. Shoga ambaye nywele ndo kazi yake akasema huyu msusi alijua, huo mnene unaipa shingo nguvu, la sivyo paa lingewavunja. Walikuwa sita, pale wapo watano, mmoja Elgin, balozi wa Uingereza, alimbeba mwanzoni mwa miaka ya 1800 yuko London, nafasi yake wameiacha wazi tu.

Sasa siku hiyo mmoja kafungiwa pazia, wanamsafisha kwa leza, kwenye skrini unaona mwanga unapita shavuni na ule weusi wa moshi wa magari unapukutika, chini yake inatokea rangi kama ya asali, sio nyeupe. Hakuna maji, hakuna stilwaya, hakuna anayeharakisha. Nilisimama pale mpaka shoga akachoka.

Dada mmoja wa hapo makumbusho alituona tumeganda akaja kutueleza. Marumaru ya mlima Penteli ina chuma kidogo ndani, ikikaa miaka inageuka dhahabu yenyewe. Akasema zile sanamu za Parthenon, hekalu kubwa la Akropoli, zilizoko London, 1937 na 1938 zilisuguliwa kwa tindo za shaba na unga wa kukwangua, kwa sababu Duveen, tajiri aliyelipia ukumbi mpya wa kuziweka, alizitaka nyeupe. Ile rangi ya asali, sehemu nyingine, ikakwanguliwa yote. Watu wanawalaani wale vibarua, mi siwezi, kibarua ukiambiwa fanya paking'ae unafanya nini? Unasugua.

Jumatatu nkamuuliza kiria kama ashawahi kwenda kuwaona wale Kariatidi. Akasema mara ya mwisho alikuwa msichana, walikuwa bado wako juu kwenye upepo na moshi, walikuja kuteremshwa 1979. Akainama akaliangalia lile doa langu, akavuta chungu cha basili akakiweka juu yake, akaniambia nianze na madirisha.