Reli moja, mikopo miwili

Natoa mizigo forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na wenye mali wa Kampala wakinipigia simu, baada ya salamu na ushuru huja swali lilelile: "SGR, ile reli mpya ya kisasa, itafika lini huko kwenu?"

Wana haki ya kuuliza. Mei 2014, makubaliano ya kugharamia reli ya Mombasa–Nairobi yalipotiwa saini Ikulu ya Nairobi mbele ya Li Keqiang, Waziri Mkuu wa China wakati huo, Museveni, Kagame na Salva Kiir walikuwepo. Hawakuja kula chakula tu. Reli ilitangazwa kuwa yao pia: hadi Kampala, hadi Kigali, na tawi la Juba. Treni ikaanza kwenda Nairobi 2017, ikasogezwa hadi Naivasha 2019, ikaishia hapo. Kutoka Naivasha kupitia Kisumu hadi huku mpakani kunabaki kilomita kama 369.

Milima haikuwa kikwazo. Tatizo ni jinsi pesa zilivyotafutwa. Kila nchi iliiendea Benki ya Exim ya China kivyake. Uganda ikatakiwa kwanza kuonyesha kwamba Kenya itafika Malaba, kwa sababu treni isiyoungana na bahari italipa deni kwa mzigo upi? Kenya nayo ikipiga hesabu, kipande cha Malaba bila shehena ya Uganda hakijilipi. Wakawa kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Januari 2023 Uganda ikavunja mkataba wake na China Harbour, kampuni ya ujenzi ya China, na Oktoba 2024 ikasaini mwingine na Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga Malaba–Kampala, reli ya umeme. Yetu inavuta kwa dizeli. Haya.

Kwa sasa kontena likija na SGR linashushwa Naivasha, linapandishwa kwenye reli ya zamani, nyembamba zaidi, ya upana wa milimita 1,000 au kwenye lori. Kila linaponyanyuliwa kuna mtu wa kulipwa, kwa hiyo wateja wangu wengi hupakia lori Mombasa na kumaliza. Serikali iliwahi kulazimisha kontena zipande treni ili deni lilipike. Mombasa wakaandamana, na Ruto akairudisha bandarini Mombasa kazi ya kutoa mizigo siku aliyoapishwa, Septemba 2022. Reli inayotafutiwa mzigo kwa amri, mimi naona ilipangwa kwa kumtazama mkopeshaji.

Tanzania na Burundi wamelikabili jambo hili kwa njia nyingine. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 696 kwa nchi zote mbili kwa pamoja: Tanzania kwa mikopo na dhamana, Burundi, ambayo mfuko wake ni mwembamba, kwa ruzuku. Reli inatoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, kwenye hazina ya nikeli, kwa hiyo mzigo wa kurudi Dar es Salaam unajulikana kabla ya reli kulazwa. Haimaanishi itakwisha kwa wakati. Lakini hakuna anayemngoja jirani akope kwanza.

Juzi mteja mmoja mwenye malori aliniuliza kama aanze kuyauza, maana amesikia Waturuki wanakuja. Nilimwambia anunue matairi.